Mpwa wangu hachori ila anataka kusimamia katuni za watoto, kuna njia kweli kutoka huku Kigoma?

Mjomba wa Gungu

Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma mjini, naombeni mwongozo kwenye jambo ambalo limetuweka kikao mara mbili nyumbani na bado hatujaelewana.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 24, kamaliza diploma ya ualimu wa awali na kwa sasa anajitolea kwenye kituo cha watoto wadogo huko Ujiji huku anasubiri ajira. Sasa mwezi uliopita kasoma mtandaoni habari za mama mmoja wa nje ambaye maisha yake yote kafanya kazi ya kusimamia ubunifu kwenye katuni za watoto na vipindi vya familia, yaani sio mchoraji wala sio muigizaji, ndo yule anayekaa na waandishi na wachoraji anaamua stori ipi itengenezwe, wapi irekebishwe, inafaa watoto wa umri gani, alianzia chini kwenye kampuni moja akahamia nyingine mpaka akawa mkubwa. Tangu siku hiyo binti halali. Ananiambia mjomba hii ndo kazi yangu, nilikuwa sijui tu kama ipo.

Mama yake hataki hata kusikia. Anasema kazi za katuni ni za wanaojua kuchora na yeye hajawahi kuchora hata kikombe kikaeleweka, na hilo ni kweli kabisa, hachori. Lakini mimi kuna kitu nimekiona kwa macho yangu ndo maana nimekuja huku kuuliza.

Wiki mbili zilizopita nilipita pale kituoni kumpelekea hela ya nauli. Nikakuta ametengeneza TV ya boksi, boksi la sabuni amekata dirisha mbele, ndani kapitisha vipande viwili vya mti wa ufagio, juu yake kaviringisha karatasi za mifuko ya saruji zilizounganishwa na uji wa sembe, ukizungusha mti picha zinapita. Watoto wanaiita TV ya Madam. Michoro anachora kijana mmoja wa darasa la sita jirani yao, ila anayemwelekeza ni huyu binti, na nilikaa nikasikiliza anavyomwelekeza, anamwambia huyu samaki macho makubwa mno watoto watadhani kashtuka na sisi hapa tunataka awe anawaza, punguza, na huyu bibi usimchore anacheka saa zote maana hapa kaambiwa mtumbwi haujarudi. Kijana anafuta anarudia, hanuni.

Stori yenyewe ni ya dagaa mdogo ambaye usiku wa giza anaona taa juu ya maji, anatamani kwenda kujua inatoka wapi. Sasa akafika pale dagaa anapoanza kupanda kuifuata taa, kitoto kimoja cha miaka kama mitano kikasimama kabisa kikapiga kelele, Madam asiende, watamvua! Na wenzake wote wakaanza, asiende asiende. Ujiji hapa na Kibirizi kila mtoto anajua taa ziwani maana yake nini, baba zao ndo wanaoziwasha. Binti akanyamaza kidogo, akarudisha mti nyuma, akawauliza sasa tumfanyeje? Kesho yake alikuwa ameibadilisha stori nzima, dagaa anaijua taa tangu mwanzo, bibi yake alishamwambia, na safari yake ni kwenda kumrudisha rafiki yake ambaye ameshaanza kupanda.

Mimi nauza dagaa na mawese, sina elimu ya mambo haya, lakini nilipoona vile nikasema huyu ana kitu. Kwa hiyo naomba kujua, hii kazi ipo kweli hapa Tanzania au ni ya nchi za watu, lazima ajue kuchora, asome nini, na je anaweza kuanzia hapa hapa Kigoma au lazima aende Dar. Kuna jamaa mtandaoni wanamwambia alipe laki nane na nusu asome animesheni miezi mitatu halafu kazi ya uhakika, dada yangu ameniwekea mimi huo mzigo niamue. Naombeni majibu ya watu wanaojua.

Fremu12

Mjomba nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi ni wa Kasulu kwa kuzaliwa, nipo Dar mwaka wa tisa huu nafanya storibodi, yaani michoro ile ya mwanzo kabisa ya katuni kabla haijachezeshwa. Nijibu kwa ninavyojua.

Kwanza kuchora. Huyo mama aliyesomwa na binti sio peke yake. Geraldine Laybourne aliyeikuza Nickelodeon, stesheni ya TV ya watoto kule Marekani, alikuwa mwalimu kabla, akaingia kwenye ile stesheni mwaka 1980 ikiwa changa kabisa, baadae akaiongoza, na tarehe 11 Agosti 1991 wakarusha katuni zao tatu za kwanza kwa siku moja, Doug, Rugrats na Ren & Stimpy. Miaka ya nyuma yake katuni nyingi kule zilikuwa zinatengenezwa ili kuuza midoli, mdoli unakuja kwanza katuni inafuata, yeye na timu yake wakageuza, wakatafuta wachoraji wenye stori zao wenyewe wakawapa nafasi. Kuna na Linda Simensky, alikuwa hapo hapo Nickelodeon wakati katuni hizo zinaanza, 1995 akaenda Cartoon Network, 2003 akaenda PBS Kids ambayo ni ya umma. Kazi yake ndo hiyo anayoitaka mpwa wako, kusoma mapendekezo, kuchagua, kukaa na mtunzi na kumsaidia stori yake isimame. Na huku kwetu Afrika yupo Malenga Mulendema wa Lusaka, aliingia kwenye shindano la stori la studio ya Triggerfish ya Cape Town mwaka 2015, maombi yalikuwa zaidi ya elfu moja kutoka nchi nyingi, akawa mmoja wa waliochaguliwa, na 2023 katuni yake Supa Team 4 ikatoka Netflix, wasichana wanne wa Lusaka wanaokoa mji. Yeye alikuja na stori, wachoraji wakaja baadae.

Sasa nikuambie kwa nini mtu wa namna hii anahitajika, maana watu wanadhani ni bosi wa kukaa tu. Chukua katuni ya dakika 11, ambayo ndo urefu wa vipindi vingi vya watoto. Ukichora kwa mkono michoro 12 kwa kila sekunde, hiyo ni michoro 7,920. Ukigundua kosa la stori baada ya kuchora umekwisha, hela imeenda na watu wamechoka. Ndo maana kabla ya kuchezesha chochote tunatengeneza animatiki, michoro ya storibodi inapangwa kwa muda wake na sauti za majaribio juu yake, inaonekana kama katuni ya kimaskini hivi, halafu msimamizi anakaa anaiangalia na kusema hapa mtoto amepotea, hapa huyu mhusika hatuelewi anataka nini. Ile TV ya boksi ya mpwa wako ni animatiki. Sisemi kwa kumfurahisha, ni kitu kile kile, picha zimepangwa, sauti ipo, watoto wapo, kosa likaonekana likarekebishwa kabla ya gharama. Kitoto kilichosimama kikasema watamvua kimeokoa michoro elfu saba.

Na nisikilize vizuri hapa. Mimi nimekaa kwenye vyumba vya stori, ingekuja ile stori ya dagaa na taa kwetu Dar tungeichora ile taa nzuri inang'aa kama nyota, muziki laini, na hakuna ambaye angekumbuka kwamba kwa mtoto wa Ujiji ile taa ni wavu. Hicho anachokijua hakifundishwi kwa miezi mitatu.

Kuhusu kazi kuwepo, ipo ila ni chache, sitakudanganya. Hapa Tanzania wanaojulikana zaidi ni Ubongo, walianza 2013 Dar, Nisha Ligon na wenzake Watanzania, Ubongo Kids ikaanza kurushwa TBC 2014, baadae ikaja Akili and Me ya watoto wa chini ya shule, sasa hivi inaonekana nchi nyingi za Afrika na kwa lugha nyingi. Kipindi cha watoto wa umri ule kinahitaji watu wanaojua mtoto wa miaka minne anafikiriaje, na hao wengi wanatoka kwenye ualimu sio kwenye sanaa. Diploma yake ya awali aitunze kama mboni ya jicho.

Baba Wawili Tabora

Mkuu usilipe hiyo laki nane na nusu. Nakuomba sana.

Mimi mwanangu wa kwanza nilimlipia mwaka juzi, jamaa mmoja wa mtandaoni hivyo hivyo, miezi mitatu na kazi ya uhakika, niliuza mizinga ya asali kumi na mbili kulipa. Akapewa video ambazo baadae tuligundua zipo bure Yutubu, somo la mwisho likawa la kuedit picha za harusi, hiyo kazi ya uhakika hadi leo hatujaiona na simu zetu hazipokelewi. Mtoto akakata tamaa kabisa akaacha kuchora miezi sita. Hela ilirudi kwa asali ya msimu uliofuata ila ile hali ya kijana kukaa ukutani hatamani kalamu ndo iliniumiza.

Aliyemrudisha ni rafiki yake aliyemwekea Blender kwenye kompyuta, ni programu ya bure, hailipiwi hata shilingi, na ndiyo iliyotengeneza ile filamu ya paka ya Latvia inaitwa Flow ambayo 2025 imechukua Oscar ya katuni bora. Kijana wangu alipolijua hilo alisema baba kumbe kifaa ni kile kile ninacho. Na hao Triggerfish aliowataja mkuu hapo juu wana masomo ya bure mtandaoni, Triggerfish Academy, yanaeleza hadi kazi zote zilizopo kwenye studio, mwanzo mpaka mwisho. Tatizo letu huku ni bando tu. Sisi tulikuwa tunashusha usiku tunaangalia mchana.

Hiyo laki nane na nusu ikibaki, mnunulie laptopu iliyotumika yenye afya na zingine ziwe bando na nauli.

Mwl wa Nzega

Mjomba hongera kwa kumsikiliza binti, wengi wetu hatukusikilizwa.

Mimi nafundisha darasa la awali na la kwanza, mwaka wa kumi na nne huu, nilianzia Igunga sasa nipo Nzega. Naomba nimwongezee huyo binti kitu kimoja ambacho naona anakifanya kwa hisia, akifanye kwa mpangilio.

Kipindi cha Sesame Street kule Marekani kilianzishwa na Joan Ganz Cooney, mama ambaye alikuwa anatengeneza vipindi vya makala vya TV, hakuwa mtu wa watoto hapo mwanzo. Mwaka 1966 kwenye chakula cha jioni nyumbani kwake mgeni mmoja, Lloyd Morrisett, akasimulia binti yake mdogo anavyoamka asubuhi na kukaa mbele ya TV kuangalia mistari inayoonyeshwa kabla vipindi havijaanza. Basi wakajiuliza, kama mtoto anaangalia hata mistari, TV inaweza kumfundisha kusoma? Akafanya utafiti akaandika ripoti, 1968 wakaanzisha taasisi na tarehe 10 Novemba 1969 kipindi kikaruka.

Sasa sikiliza walivyokuwa wanapima. Mtoto anakalishwa mbele ya TV, pembeni yake kuna mashine inayoonyesha picha nyingine, zinabadilika kila sekunde saba na nusu. Mtu anakaa na karatasi anaandika, mtoto anaangalia kipindi au amegeukia zile picha. Sehemu ambayo watoto wengi wamegeuka, hapo kipindi kimeshindwa. Na ikatokea hivi, wataalamu wa saikolojia walikuwa wamewaambia wasichanganye midoli ya kuchezeshwa kwa mkono na watu halisi kwenye zile sehemu za kipindi zinazoonyesha mtaa, eti mtoto atachanganyikiwa, wakatii. Katikati ya 1969 wakajaribisha vipindi kwa watoto wa Philadelphia, watoto wakawa wanaangalia midoli vizuri kabisa, ikija sehemu ya mtaani yenye watu tupu wanageuka. Cooney na timu yake wakaamua kumsikiliza mtoto, wakaweka midoli mtaani, ndo akazaliwa Big Bird, mdoli wa ndege mkubwa wa manjano. Mimi nikisoma hapo huwa nafurahi kila siku, maana mwalimu yeyote wa awali anajua jicho la mtoto likihama somo limekwisha, hata mkaguzi aandike nini.

Blue's Clues nayo, ya watoto wadogo kule kule Marekani, kila kipindi kilikuwa kinajaribiwa kwa watoto mara tatu kabla hakijaruka. Mara tatu! Na kilikuwa kinarudiwa kile kile siku tano mfululizo kwa sababu walijua mtoto mdogo anataka kurudia mpaka akiweze, anajisikia mjanja pale anapojua jibu kabla. Sisi darasani tunaiona kila siku, ukisimulia sungura na fisi ukabadilisha neno moja tu wanakukosoa.

Kwa hiyo binti hahitaji mashine. Achukue TV yake ya boksi, pembeni aweke simu inapitisha picha za rangi zinazobadilika zenyewe, awakalishe watoto wanne wanne, na mtu mwingine, sio yeye, akae kwa pembeni na daftari anaandika wangapi wamegeuka na ni kwenye picha ya ngapi. Asiandike yeye anayesimulia maana ataona anachotaka kuona. Na wazazi waambiwe kabla kinachofanyika, asirekodi sura za watoto wa watu.

Jambo lingine dogo. Nikiwa Igunga tuliwahi kuwaonyesha watoto katuni moja ya nje yenye theluji, mtoto akaniuliza mwalimu mbona pamba yote ile imemwagika barabarani na hakuna anayeiokota. Akawa na huzuni kabisa, kwao walikuwa wamelima pamba mwaka mzima. Katuni nzima aliyoiona yeye ilikuwa ya watu wanaochezea mavuno ya mtu. Mpaka leo nikisikia mtu anasema katuni ni katuni tu mtoto hajali imetoka wapi, namkumbuka yule.

Kalamu ya Ipuli

Naongezea upande ambao haujaguswa, haki.

Mwambie binti kila kitu akiandike, tena leo. Kisheria wazo tupu halilindwi, kusema tu nina wazo la dagaa anayeogopa taa mtu yeyote anaweza kulitumia, kinacholindwa ni kile ulichokiandika, ulichokichora, ulichokirekodi. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, na hakimiliki inaanza pale pale kazi inapokuwepo, kusajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi ukifika kwenye mgogoro.

Nasema hivi kwa uchungu. Mimi nilibuni wahusika watatu wa matangazo ya watoto, nikavipeleka kwenye kampuni moja mjini, nikakaa nao vikao vinne nikiwaelezea kwa mdomo na kuwaachia michoro bila barua wala sahihi ya mtu. Mwaka uliofuata nikawaona wahusika wangu wawili kwenye bango wamebadilishwa nguo. Nilipoenda kuuliza wakaniambia lete karatasi. Sikuwa nayo. Sitaki binti huyu apitie hapo.

Na yule kijana wa darasa la sita asisahaulike. Michoro ni yake, ni mtoto, kwa hiyo wakae na wazazi wake waandikishane hata kwa karatasi ya kawaida kwamba stori ni ya nani, michoro ni ya nani, ikija hela inagawanywa vipi. Msimamizi mzuri wa ubunifu anaanza kwa kumlinda mchoraji wake. Akizoea sasa kumnyima yule mtoto jina lake, akija kuwa mkubwa atawafanyia hivyo hivyo wengine.

Fremu12

Kalamu umesema kweli tupu. Na kwenye mikataba ya kuajiriwa ajue kwamba mara nyingi kile unachokibuni ukiwa kazini kinakuwa mali ya kampuni, kwa hiyo stori zake za zamani aziorodheshe kabla hajasaini popote.

Mjomba uliuliza asome nini na aanzie wapi, nilikuwa sijamaliza. Kama familia ina uwezo aendelee na shahada ya elimu ya awali, vyuo vikuu vya Dar na Dodoma vyote wanayo, na akiwa huko ajichanganye na watu wa sanaa na filamu. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, kama atataka upande wa sanaa zaidi. Lakini asisubiri chuo. Aandike kitabu cha katuni yake, kwenye kazi tunakiita baibo, kurasa kumi hadi kumi na tano zinatosha: dagaa ni nani, bibi yake ni nani, anaogopa nini, anataka nini, dunia yao chini ya ziwa ikoje, kwa watoto wa umri gani, wanajifunza nini, halafu stori fupi fupi kama sita za vipindi vingine. Hizo stori sita ndo ngumu, watu wengi wana kipindi kimoja kizuri kichwani na cha pili hawana. Asome pia skripti kwa sauti na watu watatu wanne, sentensi ambayo ulimi unajikwaa mtoto hataikumbuka.

Kiswahili chake kiwe cha wanapozaliwa hao dagaa. Bibi akisalimia kwa Kiha asubuhi, aache. Nimeona waandishi wengi wanatoa vitu kama hivyo wakidhani vitamchanganya mtoto wa mikoa mingine, mtoto anashika neno jipya kuliko sisi, kinachomshinda ni mhusika asiyetaka kitu.

Halafu aangalie kazi za wenzake kwa jicho la kazi, sio kwa kufurahi tu. Tinga Tinga Tales ya 2010 ilichezeshwa Nairobi na vijana wa Kenya, muonekano wake umetoka kwenye michoro yetu ya tingatinga, ile iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam, ila aliyeiwaza kama kipindi na kuisimamia alikuwa mama wa Uingereza, Claudia Lloyd. Sisemi kwa kulaumu, aliiona thamani akaifanyia kazi na vijana wengi wa Nairobi walipata ujuzi pale. Nasema ili binti ajue nafasi iliyokuwa wazi ni ipi. Wachoraji tulikuwa nao. Rangi zilikuwa zetu. Kile kiti cha kuamua stori ndo hakikuwa na mtu wetu. Angalia na Iwájú ya 2024 ya Disney, waliokaa kwenye hicho kiti ni vijana wa kampuni ya Kugali, Wanigeria wawili na Hamid Ibrahim mwenye asili ya Uganda, na Lagos ikaonekana Lagos.

Dar aje, ila aje na baibo mkononi na majaribio ya watoto kwenye daftari. Akija mikono mitupu Dar itamweka stendi.

Baba Wawili Tabora

Akipita Tabora na treni mniambie, kijana wangu atampa flashi yenye masomo yote tuliyoshusha, na kama anataka mtu wa kumchezeshea hata sekunde thelathini za huyo dagaa yuko tayari, nimeshaongea naye hapa, amesema samaki ni rahisi kuliko mtu maana hana miguu. Waandikishane kwanza kama alivyosema Kalamu.

Mjomba wa Gungu

Wakuu nimerudi, samahani nimekawia, kulikuwa na mwezi mkubwa wavuvi hawakuingia kwahiyo nilikwenda Kasulu kutafuta mawese.

Nilimsomea dada yangu majibu yenu yote, neno kwa neno, usiku baada ya kula. Alinyamaza muda mrefu. Alichouliza ni kimoja tu, huyo Laybourne alikuwa mwalimu kweli? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ile hela isilipwe kwa wale watu, iwekwe. Sijui kama amekubali, ila hajakataa, na kwa dada yangu hiyo ni hatua kubwa.

Binti naye kafanya lile jaribio la mwalimu wa Nzega. Simu ilikuwa yangu, tuliweka picha za magari, maua, mipira zinazobadilika zenyewe, mwandishi nikawa mimi kwa sababu anayesimulia amekatazwa kuandika. Watoto kumi na sita, wanne wanne. Karatasi yake ina picha 31. Nilikuwa nahesabu vichwa nikaandika pembeni ya kila picha wangapi wamegeukia simu. Mwanzo hakuna aliyegeuka. Kwenye picha ya 9 mpaka ya 13, pale bibi anapomweleza dagaa habari za taa, waligeuka kumi na moja kati ya kumi na sita, na binti alikuwa anaipenda sana sehemu ile, ndo aliyoiandika kwa machozi. Kwenye picha ya 22, rafiki anapogusa wavu, hakugeuka hata mmoja na kuna mtoto alinishika mkono bila kujua kwamba ni mimi.

Nilimpa karatasi nikidhani atanuna. Akaiangalia, akaniuliza mjomba, picha ya 13 waligeuka wangapi ukilinganisha na ya 9, nikamwambia wameongezeka. Akasema basi bibi anaongea mno, angeonyesha tu kovu lake la wavu mara moja inatosha. Jumamosi anarudia. Mchoraji wake ana mtihani mpaka Ijumaa, na baba wa kijana ameshasaini karatasi, jina la mwanae limeandikwa juu kabla ya la binti.